Mdiria Kichwa-kahawia

Mdiria kichwa-kahawia (Halcyon albiventris) ni ndege wa urefu wa sentimita 22 hivi, aliyeelezwa kisayansi na Scopoli mwaka 1786. Hupatikana kusini-mashariki mwa Tanzania, ukanda wa miombo wenye Nachingwea na Nandagala ya Ruangwa. Wengi hudhani kila mdiria huvua samaki. Huyu huishi hata mbali na maji. Hutulia kwenye tawi la chini akikodolea ardhi macho, kisha hushuka ghafla, akamnasa panzi, mjusi au nge na kumpigiza mtini kabla ya kummeza. Domo lake ni jekundu. Mgongo wa dume ni mweusi, wa jike kahawia. Wakiruka, kiuno cha buluu hung'aa, pambo lao zuri kuliko yote. Huchimba kiota kwenye kingo za udongo.