Ubora wa Maisha Miaka Kumi Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Mengi yanayojulikana kuhusu maisha marefu baada ya upasuaji wa kupunguza uzito yametoka Sweden. Kuanzia mwaka 1987, watafiti wakiongozwa na Lars Sjöström wa Chuo Kikuu cha Gothenburg waliwafuatilia watu 2,010 wenye unene uliokithiri waliofanyiwa upasuaji, wakiwalinganisha na wengine 2,037 wa hali kama yao waliopata matibabu ya kawaida. Utafiti huo hujulikana kwa kifupi kama SOS. Makundi hayakugawanywa kwa kura, kwa kuwa upasuaji wa miaka hiyo ulihesabiwa kuwa wa hatari mno, hivyo kila mgonjwa alijichagulia. Ni udhaifu wa kweli, ingawa sioni utafiti mwingine wa zama zake uliowafuata wagonjwa kwa subira kiasi hicho.

Washiriki waliulizwa zaidi ya uzito wao: wanaionaje afya yao, wana wasiwasi au huzuni kiasi gani, wanachangamana vipi na watu, na unene unawazuia kufanya nini hadharani, kama kununua nguo au kuogelea ufukweni. Majibu ya miaka kumi yalichapishwa mwaka 2007. Mwaka wa kwanza ulikuwa kilele, kwani karibu kila kipimo kilipanda. Kisha uzito ukaanza kurudi taratibu, na ubora wa maisha ukateremka nao hadi mwaka wa sita. Kuanzia hapo hali ilitulia, ikiwa chini ya kilele lakini juu ya ilivyokuwa kabla ya kisu. Ndiyo maana ushuhuda wa mtu aliyetimiza miezi kumi na miwili, hata ukiwa wa kweli mtupu, haufai kutumiwa kumshawishi jirani.

Baada ya miaka kumi, waliopasuliwa walikuwa mbele ya wenzao katika namna walivyoiona afya yao, katika kuchangamana na watu na katika kupungua kwa sonona. Katika wasiwasi na hali ya jumla ya moyo, tofauti kati ya makundi haikuwa ya kutegemewa. Kisukari kilifuata mkondo huohuo: kati ya waliopasuliwa wakiwa nacho, 72% hawakuwa nacho baada ya miaka miwili, lakini baada ya miaka kumi waliobaki bila kisukari walikuwa 36%. Watafiti waliona pia kwamba aliyeweza kudumisha upungufu wa takriban 10% ya uzito wake wa awali alibaki na nafuu ya kudumu. Kiwango hicho ni kidogo kuliko ndoto za wengi wanaoingia chumba cha upasuaji.

Aina ya upasuaji nayo ina uzito wake. Wengi wa washiriki hao walibanwa tumbo kwa njia ambayo leo imeachwa karibu kabisa. Wachache, 265, walifanyiwa baipasi, ambapo chakula huelekezwa kutoka kifuko kidogo cha tumbo hadi mbele zaidi katika utumbo mwembamba. Hao ndio waliopungua zaidi, yapata 25% baada ya miaka kumi, lakini baipasi ina gharama zake. Sukari nyingi ikishuka ghafla utumboni huleta jasho, kizunguzungu na moyo kwenda mbio. Pombe huingia kwenye damu upesi, na matatizo ya ulevi yalionekana zaidi kwa waliofanyiwa baipasi kuliko kwa wasiopasuliwa. Nyongeza za vitamini B12, madini ya chuma na kalsiamu hubaki hitaji la maisha yote. Ngozi iliyolegea haipungui pamoja na mafuta. Hukunjamana, hutoka vipele, na huwafanya baadhi waendelee kujificha ndani ya nguo pana.

Nyumbani mambo hayabaki yalivyokuwa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018 kwa takwimu za Sweden ulionyesha kuwa, baada ya upasuaji, waseja walipata wenzi au kuoa na kuolewa zaidi, na waliokuwa na wenzi waliachana zaidi, kuliko watu wa kulinganishwa nao. Kuachana huko si lazima kuhesabiwe hasara. Huenda baadhi walipata nguvu ya kuondoka mahali walipokuwa wakivumilia tu, na hilo hakuna dodoso la afya linaloliuliza. Kwa mshauri anayemwandaa mgonjwa, somo ni la vitendo: mwenzi naye aitwe kwenye mazungumzo kabla ya tarehe ya upasuaji, na miadi isikome mwaka wa kwanza unapokwisha, maana mteremko huanza hapo.