Askari Aliyehamia kwa Maadui

Nilipoacha chuo, mamangu aliuliza swali moja tu: "Sasa utaenda kwa nani?" Labda ndiyo maana David Fagen hanitoki akilini.

Fagen alikuwa kijana mweusi wa Tampa, Florida, askari wa Kikosi cha 24 cha jeshi la Marekani. Askari walikuwa weusi, maafisa karibu wote weupe. Mwaka 1899 wakapelekwa Ufilipino kupigana na watu waliotaka uhuru wao. Huko askari wazungu waliwatukana Wafilipino kwa maneno yale yale waliyowatukania weusi kwao. Jamani, hebu fikiria uko katikati ya hayo na bunduki mkononi. Novemba mwaka huo Fagen akatoroka kambini, akaingia upande wa pili, akapanda cheo hadi kapteni. Inasemekana alioa huko huko. Yaani hakuwa mgeni wa kupita, alikuwa ashaamua kukaa.

Jeshi likatangaza zawadi ya dola 600. Desemba 1901 mwindaji mmoja akaleta kichwa kilichooza, akidai ni cha Fagen. Wanahistoria kadhaa wana shaka. Mimi pia sikiamini hicho kichwa. Namwona amezeeka milimani Luzon, wakwe zake wakimwita aje kula.