Ngitili na sayansi ya tabia

Ngitili ni eneo la malisho ambalo Wasukuma hulifunga wakati wa mvua na kulifungua kiangazi, nyasi za nje zinapokwisha. Kwa sayansi ya tabia, inayochunguza jinsi watu wanavyoamua na kutenda, huu ni mfano wa sera ya mazingira iliyojengwa juu ya desturi.

Ukataji miti wa kuangamiza mbung'o, upanuzi wa mashamba ya pamba na uhamishaji wa watu kwenye vijiji vya Ujamaa miaka ya 1970 vilidhoofisha ngitili. Ili kuirejesha, mwaka 1986 serikali ya Tanzania ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI). Kutoka takriban hekta 600 zilizorekodiwa mwaka huo, ngitili zilipita hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Vitalu vya miche havielezi ongezeko hilo. Miti mingi ilichipua yenyewe kwenye visiki. Kilichogeuka ni uhakika wa umiliki na macho ya majirani. Aliyefunga eneo alijua kuni, asali na nyasi za kuezekea ni zake. Aliyeingiza ng'ombe mapema alikabili dagashida, baraza la jamii, na faini yake, huku sungusungu, walinzi wa jamii, wakilinda. Kanuni za namna hii, zinazotungwa na watumiaji wenyewe, ndizo Elinor Ostrom, mshindi wa Nobeli ya uchumi mwaka 2009, alizozitafiti. Faida, hata hivyo, huwaendea zaidi wenye ardhi na mifugo mingi. Kaya maskini hununua malisho au hukosa.