Mkataba wa dere na konda unasainiwa na nani? (Uzi wa historia)

1/ Kila msimu wa kampeni kuna ahadi hurudi Eastlands: "Tutahakikisha madereva na makondakta wa matatu wana mikataba ya kazi." Watu wanapiga makofi, muziki unarudi, tunaenda home. Swali dogo halifiki kwa maiki: mkataba kati ya nani na nani? Tuanzie hapo. Sitaji mwanasiasa wala chama cha siasa, kwa hivyo tusitusiane huko chini.

2/ Nasomea sayansi ya siasa na naishi Umoja, so hii mada naipata darasani na naipata steji. Kazi huenda hivi: mwenye gari anaweka tageti ya siku. Dere na konda wanatoa mafuta, pesa za steji na zile za njiani tunazozijua, wanapeleka tageti, kinachobaki wanagawana. Jam ya Jogoo Road ikila trip mbili, tageti haishuki. Hasara inalala kwa wale wawili. Halafu kuna wa skwodi, anayeshikilia gari trip chache mwenzake akipumzika. Huyo mwenye gari anaweza kuwa hamjui hata kwa sura.

3/ Sasa turudi nyuma. Mwaka 1949 madereva wa teksi Nairobi waligoma kupinga sheria ndogo za manispaa. Wengi wao hawakuwa na bosi mmoja, kama tu wa matatu leo. Lakini waliyekuwa wanabishana naye alikuwa na ofisi, na alikuwa na uwezo wa kubadilisha kile walichokuwa wanapinga. Tena hawakuwa peke yao. Mwaka huohuo Makhan Singh na wenzake walianzisha East African Trade Union Congress, muungano wa vyama vya wafanyakazi, na chama cha wafanyakazi wa uchukuzi kilikuwa ndani.

4/ Aprili 1950, kwenye ukumbi wa Kaloleni (ndio, Kaloleni hii yetu), Makhan Singh alisimama akadai uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Mei 15 akakamatwa pamoja na mwenzake. Kesho yake Nairobi ikagoma kwa zaidi ya wiki. Walitaka viongozi waachiliwe, mshahara wa chini uwe shilingi 100 kwa mwezi, na zile sheria ndogo za teksi ziondolewe. Yaani dai la madereva liliingia kwa orodha ya mji mzima. Makhan Singh alikaa kizuizini hadi 1961.

5/ Upande wa mabasi, Kenya Bus Service ilianza 1934, na kwa miaka mingi ndiyo ilikuwa na kibali cha jiji kubeba abiria. Mwaka 1966 halmashauri ya jiji ikachukua asilimia 25 ya hisa. Huduma ilikuwa na shida zake na estate nyingi zilikuwa zinangoja basi mpaka miguu inauma. Lakini kwa mfanyakazi hesabu ilikuwa rahisi: mwajiri mmoja, ofisi moja, meza moja ya kuketi na chama chake.

6/ 1973 ndio kona. Matatu zilizokuwa zinabeba watu kimagendo ziliruhusiwa kwa tamko la rais kufanya kazi bila leseni ya uchukuzi. Kwa mwananchi wa Eastlands ilikuwa afueni, na kijana akapata kazi bila barua ya maombi. Lakini mwajiri mmoja akageuka kuwa maelfu ya wenye gari mojamoja, wengine wakiwa na mkopo shingoni. Ile meza ya mazungumzo haikuvunjwa na mtu. Upande mmoja tu ulibaki bila wa kukaa.

7/ Serikali imejaribu kuziba hilo pengo kwa amri. Kanuni za 2004, zile za mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, zilitaka pia dere na konda waajiriwe kwa kudumu. Za NTSA za 2014 zikataka kila gari iwe chini ya sacco au kampuni yenye angalau gari 30, na wafanyakazi wawe na mikataba. Tulikumbuka mikanda na sare. Mikataba tukaisahau, kwa sababu polisi anaweza kusimamisha gari aangalie mkanda, lakini tageti haionekani kwa dirisha.

8/ Hapa ndipo mjadala hupotea njia. Tukisikia "matatu zimegoma," mara nyingi ni wenye magari wameegesha kupinga sheria au bei ya mafuta. Huo ni ugomvi wa wafanyabiashara na serikali. Dere na konda siku hiyo hawajagoma, wamekosa kazi. Linganisha na Tanzania 2015: madereva wenyewe waligoma, na kati ya madai yao ilikuwa mikataba ya ajira.

9/ Najua jibu la makonda wengi: "Mshahara wa nini na mimi naenda na pesa kila jioni?" Ni hoja nzuri, na mwenye gari moja mwenye mkopo ana yake pia. Lakini angalia siku mguu umevunjika. Sheria ya fidia ya majeraha kazini ya 2007 inamdai mwajiri. Mwenye gari anasema sacco, sacco inasema mwenye gari, na wewe uko wodini unasubiri harambee ya steji.

10/ Na njia iko. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inalinda haki ya kugoma na ya chama kujadiliana na waajiri. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inasema chama kikiwa na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kujiunga, lazima kitambuliwe, na hilo linahusu hata kundi la waajiri wa sekta moja. Kwa hivyo "wenye gari ni wengi mno" si kisingizio. Wanaweza kuketi pamoja kama waajiri, jinsi wanavyoketi pamoja nauli ikipandishwa.

11/ Kwa hivyo mgombea akishika maiki huku kwetu, muulizeni matatu. Atakayesaini kama mwajiri ni sacco au mwenye gari? Siku mbaya hasara inabebwa na nani? Na yule wa skwodi amehesabiwa? Asiye na majibu hajaleta mkataba. Ameleta spika tu.