Nani aliwafundisha wanaotunza wazee wetu?



Oktoba 2005, HCR ilianza kurudisha wakimbizi kwa njia ya ziwa, kutoka Kigoma mpaka Baraka. Watu walishuka na vyombo vyao na watoto waliozaliwa ugenini. Wengine walirudi na kitu kisichoonekana kwenye mizigo: kazi ya kuhudumia wagonjwa, waliyofundishwa kambini.

Nakumbusha jambo hilo kwa sababu katika familia nyingi leo kuna mzee aliyepooza upande mmoja, na anayemtunza ni binti au mjukuu ambaye hakufundishwa na mtu. Tuulize basi: wanaotunza wagonjwa kwetu walifundishwa na nani, na kwa nini mzee alisahauliwa?

Wakati wa Wabelgiji, mafunzo ya uuguzi yalikuwa kazi ya watu wengi pamoja: serikali, misioni na vyuo vikuu vya Ulaya. Mwaka 1926 Chuo Kikuu cha Louvain kilianzisha FOMULAC, iliyofanya kazi Kisantu na hata huku Kivu, kule Katana. Mwaka 1930 ikaja FOREAMI. Lakini mkoloni alitaka nguvu za kazi na watoto wengi. Juhudi zilielekezwa kwenye ugonjwa wa malale, akina mama wajawazito na watoto wachanga. Mzee asiyeweza tena kulima pamba wala kubeba mzigo hakuwa katika hesabu hiyo.

Uhuru ulipofika 1960, nchi haikuwa na daktari hata mmoja Mkongomani. Walikuwepo wasaidizi wa daktari, na OMS ikasaidia kupeleka baadhi yao Ufaransa kumaliza masomo. Ushirikiano huo uliipa nchi baadhi ya madaktari wake wa kwanza.

Mwaka 1981 ukaanza mradi wa SANRU, kati ya Kanisa la Kristo na Marekani, pamoja na serikali. Uliimarisha zoni za afya vijijini na kufundisha wauguzi. Kufikia 1985 nchi ilikuwa imegawanywa kwa zoni 306. Kwetu Fizi, hospitali ya Nundu, ya Kanisa la Methodisti Huru, ni mfano wa kazi ya kanisa na serikali kwa pamoja. Hata hivyo, shabaha kubwa ya miaka hiyo ilikuwa chanjo, uzazi na maji safi. Baada ya machafuko ya 1991 msaada wa Marekani ukakatika, na mradi ukasimama.

Kisha vita. Tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali ya Lemera ilishambuliwa. Wagonjwa na wauguzi waliuawa. Watu wa Fizi wakavuka ziwa. Kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa mwaka huohuo, na Lugufu ikafuata. Huko Msalaba Mwekundu wa Tanzania, pamoja na HCR, walifundisha wakimbizi wenyewe kuwa wahudumu wa afya. Mwaka 2003 MSF nayo ilifika Baraka, ikafanya kazi na wizara katika hospitali yetu. Kipindupindu, surua, malaria na uzazi ndivyo vilivyotangulia, maana vilikuwa vinaua haraka.

Hatulaumu. Lakini tuone alama moja: kila ushirikiano ulikuja na kusudi lake, na pesa zilipokwisha au bunduki zilipolia, ukaondoka. Kilichobaki ni kile tu ambacho mtu wa hapa alikuwa amekishika kichwani na mikononi.

Na uzee una elimu yake. Mgonjwa aliyepooza hugeuzwa kila saa mbili, la sivyo vidonda vinamla mgongo na makalio. Dawa ya tansiyo, ambayo waliorudi kutoka Tanzania huiita presha, humezwa kila siku hata mtu akijisikia mzima. Mzee anayesahau njia ya nyumbani hajalogwa, wala si mchawi. Huenda ni ugonjwa wa ubongo. Kutojua hilo la mwisho kumewagharimu wazee wengi heshima, na wengine uhai.

Sheria iko upande wao. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 49, inampa mzee haki ya kulindwa kulingana na mahitaji yake. Itifaki ya Umoja wa Afrika ya 2016 kuhusu haki za wazee inataka elimu ya uzee iingizwe katika mafunzo ya watumishi wa afya.

Historia inatuonyesha la kufanya. Shule zetu za uuguzi, zoni za afya, makanisa na mashirika yanayosaidia waliohama wakae meza moja. Mezani hapo aitwe pia yule mama anayemgeuza baba yake usiku kwenye mkeka, kwa maana anajua mambo ambayo daktari hajayaona. Mafunzo yaandikwe kwa Kiswahili na Kibembe, yafundishwe na watu wa hapa, ili hata wageni wakiondoka, elimu ibaki.

Safari ya 1996 ilitukuta bila elimu hiyo. Waliokimbia mwaka huu wamekuja na wazee wao pia.