Pikipiki ikitetemeka kupita kiasi: anza na spana

Ukitoka Maparoni kwa boti na kushuka Nyamisati, safari ya nchi kavu kwenda Bungu mara nyingi ni ya pikipiki. Kama unafika mikono imekufa ganzi, usiseme ni ubovu wa barabara tu. Mtetemo hulegeza nati, na nati ikilegea mtetemo huzidi. Mwisho wake kitu hudondoka njiani.

Pikipiki nyingi za bodaboda zina pistoni moja, hivyo mtetemo kidogo ni kawaida. Tunachotafuta ni ule uliozidi ghafla.

Kwanza jua unatoka wapi. Simamisha pikipiki kwenye stendi ya katikati, weka gia huru, washa, kisha ongeza mafuta taratibu. Ikitetemeka sana hapohapo, tatizo liko upande wa injini. Ikitulia hapo lakini ikatetemeka ukiwa mwendoni, angalia magurudumu na cheni.

Upande wa injini: zima, iache ipoe. Kwa spana inayoenea vizuri, kaza bolti zinazoshika injini kwenye fremu, kisha za bomba la moshi na za usukani. Usikaze kwa hasira. Bolti ikizunguka bila kukaza, meno yamekwisha, mpelekee fundi.

Upande wa magurudumu: pima upepo, kaza nati za ekseli, gonga spoki moja moja kwa spana. Inayotoa sauti nzito kuliko wenzake imelegea. Cheni icheze kama sentimita 2 hadi 3, ila fuata kitabu cha pikipiki yako.

Madigadi au kava likipiga kelele, kata kipande cha tyubu kuukuu ukiweke chini ya bolti yake. Lakini usiweke mpira huo kwenye bolti za injini wala za usukani. Mpira hubonyea, bolti hulegea, na usukani unaweza kukugeukia mkononi.

Sisi wa delta tuna adui mwingine: chumvi. Pikipiki iliyovuka kwa boti au kupita kwenye maji ya bahari ioshwe kwa maji baridi siku hiyohiyo, ikaushwe, nati zipakwe oili. Oili isiguse breki wala tairi.

Ukikaza vyote na mtetemo ukabaki, huenda ni beringi au ndani ya injini. Hapo weka spana chini, umwite fundi.