KCSE: Sikio lisilonolewa huiponza kalamu katika mtihani wa Kiingereza

KILA mwaka msimu wa mtihani wa KCSE unapokaribia, watahiniwa wengi huzama katika vitabu teule vya fasihi ya Kiingereza na kuyaacha kando mambo mawili ambayo huonekana madogo: stadi ya kusikiliza na sarufi. Wengi huamini kuwa kusikiliza hakuhitaji matayarisho, kwa sababu hakuna redio wala kinasasauti kinachowekwa mbele yao katika chumba cha mtihani. Nayo sarufi, husema, walikwisha kuimaliza tangu shule ya msingi. Dhana hizo mbili zimewanyima wengi alama ambazo zilikuwa karibu nao mno.

Makala haya yanaeleza jinsi stadi hizo mbili zinavyotahiniwa, kiini cha makosa yanayowakwaza wanafunzi wanaozungumza Kiswahili, na namna ya kufanya mazoezi hata kwa mwanafunzi asiye na vifaa vya bei ghali.

Uzito wa alama

Mtihani wa Kiingereza wa KCSE una karatasi tatu zenye jumla ya alama 200. Karatasi ya kwanza ina alama 60: uandishi wa kikazi, kama vile barua rasmi, ripoti na kumbukumbu za mkutano, hutengewa alama 20, kujaza mapengo katika kifungu alama 10, na stadi za kusikiliza na kuzungumza alama 30. Karatasi ya pili ina alama 80, na ndani yake sarufi ina alama 15. Karatasi ya tatu, yenye alama 60, ni ya insha.

Ukijumlisha kusikiliza, kuzungumza na sarufi, utapata alama 45. Ukiongeza zile 10 za kujaza mapengo, ambazo kwa hakika ni sarufi iliyovishwa vazi jingine, utafikia 55. Hiyo ni zaidi ya robo ya mtihani mzima. Muundo huu ulianza kutahiniwa mwaka wa 2006, baada ya silabasi ya shule za upili kufanyiwa mabadiliko mwaka wa 2002.

Jambo la kuzingatia ni kwamba mtihani wetu hupima sikio kwa karatasi. Katika mtihani wa IELTS, unaofanywa na wengi wanaotaka kwenda kusoma ng'ambo, mtahiniwa husikiliza sauti iliyorekodiwa kwa muda wa nusu saa hivi na kujibu maswali 40. Katika KCSE chumba huwa kimya. Mtahiniwa husoma neno na kutakiwa aandike jinsi linavyosikika. Asiyewahi kulisikia likitamkwa ipasavyo hana budi kubahatisha.

Irabu tano na irabu ishirini

Kiswahili kina irabu tano tu, na kila moja husomeka jinsi inavyoandikwa. Kiingereza sanifu cha Uingereza, ambacho ndicho kigezo katika shule zetu, huhesabiwa kuwa na sauti zipatazo 20 za irabu, zinazoandikwa kwa herufi tano zilezile. Kwa hiyo sikio lililolelewa kwa Kiswahili huzikusanya sauti kadhaa za Kiingereza na kuzitia katika kapu moja. Maneno "cat", "cut" na "cart" huwa kitu kimoja. Vivyo hivyo "ship" na "sheep", au "pull" na "pool".

Matokeo yake huonekana pale mtahiniwa anapoulizwa aandike neno linalotamkwa sawa na "heard". Jibu ni "herd", lakini wengi huandika "had" au "hard", kwa kuwa ndivyo wanavyoyatamka maneno hayo wao wenyewe. Akiulizwa kuhusu "court", jibu ni "caught", na asiyejua kuwa herufi "r" haisikiki hapo hawezi kulifikia. Mifano rahisi zaidi ni "flour" na "flower", "wait" na "weight", "sole" na "soul".

Lugha za mama nazo zina mchango wake. Kuna jamii ambazo lugha yao haitofautishi "l" na "r", na nyingine ambazo hazina sauti "sh". Hili si jambo la kuchekwa. Ni jambo la kutambuliwa mapema, ili kila mwanafunzi ajue ni jozi zipi za maneno anazopaswa kuzikariri kwa sikio. Aliyezoea kusema "sip" badala ya "ship" anahitaji orodha tofauti na ile ya jirani yake.

Yapo pia maneno yenye herufi zisizotamkwa: "debt", "receipt", "island", "castle", "salmon", "plumber". Katika Kiswahili hakuna herufi inayokaa bure, ndiyo maana mwanafunzi husoma kila anachokiona.

Shadda na kiimbo

Kwa kawaida shadda katika maneno ya Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Katika Kiingereza shadda huhamahama, na aghalabu huhama na maana. Neno "record" likiwa nomino huwekewa mkazo katika silabi ya kwanza. Likiwa kitenzi, mkazo huenda katika silabi ya pili. Ndivyo ilivyo kwa "present", "export", "convict" na "permit".

Shadda pia hubadilisha ujumbe wa sentensi nzima. Chukua sentensi hii: "Achieng did not sell the brown cow." Mkazo ukiwekwa kwenye "Achieng", msikilizaji ataelewa kuwa aliyeuza ni mtu mwingine. Ukiwekwa kwenye "sell", huenda ng'ombe alitolewa zawadi au aliibwa. Ukiwa kwenye "brown", aliyeuzwa ni wa rangi nyingine. Na ukiwa kwenye "cow", basi aliuzwa mnyama mwingine. Swali la aina hii halihitaji kipaji. Linahitaji mtu aliyewahi kuisoma sentensi kwa sauti mara nne na kujisikiliza.

Kuhusu kiimbo, kanuni za msingi ni chache. Swali linalojibiwa kwa ndiyo au la, kama "Are you coming?", huishia kwa sauti inayopanda. Swali linaloanza kwa "where", "why" au "who", kama "Where are you going?", kwa kawaida huishia kwa sauti inayoshuka, sawa na taarifa ya kawaida.

Adabu za mazungumzo

Sehemu nyingine ya alama zile 30 huhusu adabu na mbinu: mazungumzo ya simu, mahojiano, mdahalo, hotuba, na usikilizaji wa mgeni aliyealikwa shuleni. Hapa kosa kubwa ni kujibu kijuujuu. Mtahiniwa akiulizwa jinsi atakavyohakikisha kwamba anafaidika na mhadhara, huandika kuwa atasikiliza kwa makini, kisha akaishia hapo. Mtahini anataka vitendo: kusoma kuhusu mada kabla ya siku yenyewe, kuketi mahali anapomwona na kumsikia msemaji, kumtazama usoni, kuandika hoja kuu tu kwa vifupisho, na kuuliza maswali wakati ufaao.

Kiswahili kinapochungulia katika sarufi

Sisi tunaoketi kwenye meza ya uhariri hukutana na makosa ya sarufi ya Kiingereza yaliyoandikwa na watu waliohitimu zamani. Mengi hayatokani na ujinga. Mwandishi hufikiri kwa lugha moja na kuandika kwa nyingine. Anayejua pale lugha hizi mbili zinapoachana njia amekwisha kupata nusu ya dawa.

Mfano wa kwanza ni sentensi za masharti. Katika Kiswahili kiambishi cha masharti hujirudia pande zote mbili: "Ningalijua, ningalikuja." Mwanafunzi huhamishia urudiaji huo katika Kiingereza na kuandika "If I would have known, I would have come." Sentensi sahihi ni "If I had known, I would have come." Neno "would" halikai upande wa "if" katika sentensi ya aina hiyo.

Mfano wa pili ni vihusishi. Sisi hujadiliana kuhusu jambo na kusisitiza juu ya jambo, kwa hiyo mwanafunzi huandika "discuss about" na "emphasise on". Vitenzi hivyo viwili havihitaji kihusishi: mtu "discusses a matter" na "emphasises a point".

Tatu, maswali mafupi ya mwishoni. Kiswahili kinatosheka na "sivyo?" kwa kila sentensi, nasi tukaifanya "isn't it?" kuwa mtumishi wa wote. Kiingereza hudai kitenzi kirudiwe: "She has left, hasn't she?", "They can swim, can't they?" Kuna yenye upekee wake: "I am late, aren't I?" na "Let us go, shall we?"

Nne, majibu ya maswali ya kukanusha. Mswahili akiulizwa "Hujala?" anaweza kujibu "Ndiyo, sijala." Kwa Kiingereza jibu ni "No, I haven't." Anayesema "Yes" huwa amesema kwamba amekula.

Tano, nomino zisizohesabika. Kwa kuwa tuna mizigo, mashauri na vifaa, wanafunzi huandika "luggages", "advices" na "equipments". Maneno hayo hayapokei "s" ya wingi.

Pamoja na hayo, maswali ya sarufi hupenda kumtaka mtahiniwa aandike sentensi upya bila kubadilisha maana. Ajihadhari na jozi zinazofanana: "Hardly had the bell rung when the boys ran out", lakini "No sooner had the bell rung than the boys ran out." Kuchanganya "when" na "than" hupoteza alama. Aidha, mabadiliko ya umbo la neno huwatega wengi: "pronounce" huzaa "pronunciation", na "maintain" huzaa "maintenance". Anayeyatamka vibaya maneno hayo atayaendeleza vibaya. Hapo ndipo sikio na sarufi hukutana.

Mazoezi ya kila siku

Sikio halinolewi kwa usiku mmoja kabla ya mtihani. Robo saa kila siku ina faida kuliko saa tatu kila mwisho wa mwezi. Mwanafunzi anaweza kufuata utaratibu huu:

Kwanza, imla. Mwenzako akusomee aya moja ya gazeti mara tatu: mara ya kwanza sikiliza tu, mara ya pili andika, mara ya tatu sahihisha. Kisha linganisha na aya yenyewe. Kila neno ulilokosea ni somo. Zoezi hili linafaa sana katika shule za bweni, ambako wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu.

Pili, redio. Wakati wa likizo, sikiliza taarifa za habari za Kiingereza za KBC au BBC na uandike hoja tano kuu. Usiandike kila kitu. Kuchuja ndiyo stadi inayopimwa.

Tatu, kamusi. Tumia kamusi inayoonyesha matamshi. Alama ndogo ya wima iliyo juu ya mstari huwekwa mbele ya silabi yenye mkazo. Jifunze maneno matano kwa siku, na uyatamke kwa sauti.

Nne, daftari la makosa. Ligawe kurasa zake katika safu tatu: sentensi uliyokosea, sentensi sahihi, na sababu. Baada ya wiki chache utagundua kuwa makosa yako si mengi, ila ni yaleyale yanayojirudia. Zisome sentensi sahihi kwa sauti hadi ile yenye kosa ikukwaruze sikio kabla hujaikumbuka kanuni.

Tano, karatasi za mitihani ya miaka iliyopita. Zifanye kwa kufuata saa. Karatasi ya kwanza ina muda wa saa mbili kwa alama 60, yaani dakika mbili kwa kila alama. Stadi za kusikiliza na kuzungumza zisizidi saa moja. Karatasi ya pili ina muda wa saa mbili na nusu. Alama 15 za sarufi zitengewe dakika 25 hivi, na zisiachwe hadi karani wa mtihani anapotangaza kuwa muda unayoyoma.

Walimu nao wana wajibu. Mwalimu anayefunza matamshi kwa kuandika orodha ubaoni, bila kumpa mwanafunzi nafasi ya kuyasikia na kuyatamka maneno, humwachia mzigo usiobebeka.

Hakuna darasa la kurudia

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa wanafunzi waliofanya mtihani wa mwisho wa KCPE mwaka wa 2023. Walijiunga na kidato cha kwanza mwaka wa 2024, na wao ndio watakaofunga ukurasa wa KCSE ya mfumo wa 8-4-4 mwaka wa 2027. Mwaka wa 2025 hapakuwa na kidato cha kwanza, kwa kuwa wadogo wao walikuwa katika gredi ya tisa ya mtaala wa umilisi. Atakayeteleza hana darasa nyuma yake la kurudi kuketi.

Ni kweli kwamba tangu mwaka wa 2023 gredi ya jumla hukokotolewa kwa hisabati, lugha moja kati ya Kiingereza, Kiswahili au lugha ya ishara, na masomo mengine matano aliyofanya vyema zaidi. Hata hivyo, maswali ya biolojia, historia na biashara yataendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Asiyeielewa lugha ya swali hawezi kulitendea haki, hata akiwa na jibu kichwani.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Alama 55 zi mvunguni, na kuinama kwenyewe ni robo saa tu kwa siku.